Namna ya Kusikiliza Umeme wa Samaki-Kisu Mweusi

Samaki-kisu mweusi, ambaye jina lake la kisayansi ni Apteronotus albifrons, huishi katika mito ya Amerika Kusini na hutoa umeme usiku na mchana bila kukatiza. Umeme huo ni hafifu mno, hata ukimshika hutahisi chochote. Hata hivyo, hupiga takriban mara 1,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu hukipokea vizuri, na kwa hiyo unaweza kugeuzwa kuwa sauti kwa vifaa vichache vya bei nafuu. Kwa maoni yangu, anayemfuga samaki huyu bila kumsikiliza anamjua nusu tu.

Tafuta amplifaya ndogo ya betri yenye spika yake, waya wa maikrofoni, na vipande viwili vya waya wa chuma kisichoshika kutu, vitakavyounganishwa na amplifaya kwa waya huo wa maikrofoni. Usitumie shaba, kwa sababu huyeyuka taratibu majini na kuwadhuru samaki. Usitumie kamwe amplifaya iliyochomekwa kwenye soketi au kwenye chaja, kwani hitilafu ndogo yaweza kukuua wewe pamoja na samaki wako.

Fanya kazi hii mchana, wakati samaki amejificha ndani ya bomba lake la plastiki, maana kwa asili yeye hutafuta chakula usiku. Chomoa hita, pampu na taa kabla ya kutia mkono majini, kisha weka chuma kimoja mbele ya bomba na kingine nyuma yake, ili samaki awe katikati. Ukiwasha amplifaya, huenda kwanza ukasikia mngurumo mzito: huo ni umeme wa nyumbani, ambao Afrika Mashariki hupiga mara 50 kwa sekunde, na hupungua ukichomoa vifaa vingine vilivyo karibu. Sauti nyembamba inayobaki, iliyonyooka kama ya filimbi isiyopumua, ndiyo ya samaki. Kuhakikisha, subiri atoke na kujigeuza: akilala sambamba na mstari unaounganisha vyuma viwili sauti hukua, na akiukata mstari huo kwa pembe mraba hufifia, ingawa kimo chake, yaani wembamba wa sauti, hakibadiliki.

Mtazame pia anavyoogelea. Mwili hubaki umenyooka huku pezi refu la chini likipiga mawimbi, yakimpeleka mbele au kinyumenyume kwa wepesi uleule. Mwili unaponyooka, uga wa umeme unaomzunguka hautapotoshwa na mikunjo yake mwenyewe, hivyo vipokezi vilivyotapakaa kwenye ngozi hutambua badiliko dogo linaloletwa na jiwe, mzizi au kiluwiluwi cha mdudu, hata katika giza totoro.

Ukipata nafasi ya kusikiliza samaki wawili, utasikia sauti zao zikipishana na kuzaa mdundo. Wakitofautiana kwa mapigo manne, mdundo huwa mara nne kwa sekunde. Mwaka 1963 watafiti Watanabe na Takeda walieleza kwamba Eigenmannia, jamaa yake wa bara hilohilo, hubadilisha mapigo yake akikutana na umeme unaokaribia kulingana na wake. Jambo la kustaajabisha zaidi kwangu ni kwamba Gymnarchus niloticus, anayepatikana katika Mto Nile na Ziwa Turkana, si jamaa wa karibu wa samaki hawa, lakini naye huogelea akiwa amenyooka na hutoa umeme mfululizo kutoka mkiani, kama mtafiti Hans Lissmann alivyoripoti mwaka 1951; tofauti ni kwamba pezi lake refu liko mgongoni.

Andika joto la maji kila unaposikiliza, kwa kuwa maji yakipoa mapigo hupungua na sauti hushuka, na bila kipimo hicho huwezi kulinganisha siku mbili. Usipitishe nusu saa hita ikiwa imezimwa. Ukimaliza, toa vyuma, vioshe kwa maji matupu, kisha rudisha pampu na hita.