Kabla hujapeleka picha kwa wachapaji wa Nasser Road
Wapiga picha wenzangu wa Kampala, mteja akilalamika kwamba gomesi ya bibi harusi imepauka kwenye albamu, tusikimbilie kuilaumu mashine ya mchapaji. Mara nyingi faili lilitoka kwetu likiwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi zaidi, bila profaili (maelezo ya mfumo wa rangi uliotumika) ndani yake, na kompyuta ya mchapaji ikalisoma kama sRGB, mfumo wa kawaida wenye rangi chache. Rangi kali, hasa kijani, hufifia hapo hapo.

Kama mchapaji hajataja profaili anayotaka, mpe nakala ya sRGB. Geuza rangi zenyewe, usibadilishe jina la profaili tu, na unapohifadhi hakikisha profaili imepachikwa. Kugeuza kwenda CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapia, mwachie yeye, anayeijua karatasi na wino wake. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo peleka kwa flashi.

Akikwambia "hizo profaili hatuzitumii," usibishane naye. Lipia kipande kimoja cha majaribio chenye ngozi ya mtu na kitambaa cheupe, mkitazame nje, kivulini, mchana, pamoja na mteja. Ngozi ikielekea ukijani kila mtu anaona, hata asiyejua lolote kuhusu rangi. Mteja akikikubali atie saini nyuma, ndipo albamu nzima ichapwe.