Mambo ya kuzingatia kabla hujaiachia mashine iandike nyaraka za moduli zako za Terraform

Timu yoyote inayojenga miundombinu ya wingu kwa Terraform au OpenTofu, vyombo vya kuunda miundombinu kwa kuandika msimbo, hufika siku ambayo mtu anasema kikaoni: tumechoka kuandika README (faili la maelezo ya msimbo) kwa mkono, tuweke terraform-docs, ituandikie yenyewe. Mkubalieni, ana hoja. Moduli (kifurushi cha msimbo wa kutumika tena) yenye vigezo (variables) thelathini haiandikwi kwa mkono ikabaki sahihi mwezi mzima. Ila kabla hamjaifunga kwenye paiplaini, yaani ukaguzi unaojiendesha kila msimbo unapotumwa, yaangalieni haya. Mengine niliyapuuza mimi mwenyewe, na moja nililiona likimliza mwenzangu mchana kweupe ofisini.

Anza kwa kukielewa chombo chenyewe. terraform-docs husoma mafaili ya .tf yaliyo kwenye folda, hukusanya vigezo, matokeo (outputs), provaida (programu-jalizi zinazoiunganisha Terraform na wingu), matoleo yanayohitajika na rasilimali, kisha hupanga majedwali ya Markdown na kuyapachika ndani ya README katikati ya alama mbili, BEGIN_TF_DOCS na END_TF_DOCS. Haiingii AWS, wingu la Amazon, kutazama kilichopo. Haijui kigezo kinafanya nini, wala kama maelezo uliyoyaandika mwaka juzi bado ni ya kweli. Kazi yake ni kunakili tu, na inanakili uzembe kwa uaminifu uleule inaonakili umakini. Kwa hiyo safisha kwanza unachotaka kinakiliwe.

Kila kigezo kiwe na maelezo yake na aina yake. Usitegemee kukumbushana: washa kanuni za tflint, chombo cha kukagua msimbo wa Terraform, zinazoitwa terraform_documented_variables na terraform_documented_outputs, kisha kigezo kisicho na maelezo kikataliwe palepale.

Taja vipimo. "Muda wa kutunza nakala" ni siku, saa au dakika? Andika.

Kigezo cha aina ya object (kinachobeba thamani kadhaa kwa pamoja) chenye sehemu kumi ndani yake kitaonekana kwenye jedwali kama rundo la mabano. Chombo hakitakuchambulia sehemu hizo moja moja, kwa hiyo zieleze mwenyewe ndani ya maelezo ya kigezo, kwa mistari mingi.

Lugha: chagueni moja na mkae nayo. Mimi husema maelezo yaandikwe kwa lugha ambayo mtu anayeamshwa saa nane usiku ataielewa bila kurudia kusoma. Kama timu yenu hujadiliana kwa Kiswahili wakati mambo yameharibika, hakuna sheria inayowakataza kuandika maelezo kwa Kiswahili.

README ikae kwenye ripo (hazina ya Git) pamoja na msimbo, isihamishiwe kwenye wiki ya mbali. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani, mwenye nyaraka kwenye kompyuta yake aliendelea kusoma. Aliyeziweka kwenye wiki alibaki akitazama ukurasa usiofunguka.

Fungeni toleo la terraform-docs. Mmoja akiwa na toleo jipya na mwingine la zamani, README itabadilika kila mnapopokezana kazi, na baada ya wiki mbili hakuna atakayesoma mabadiliko yake tena.

Hapohapo kuna mtego mwingine ulionilia siku nzima. Kwa kawaida terraform-docs ikikuta faili la .terraform.lock.hcl, linalotunza matoleo ya provaida yaliyochaguliwa, huchukua toleo la provaida kutoka humo. Kwenye kompyuta yangu faili hilo lilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeendesha terraform init, amri inayoliunda. Kwenye paiplaini halikuwepo, maana moduli za kushirikiana kwa kawaida hatuliweki kwenye ripo. Kwangu jedwali likasema toleo kamili, kule likasema masharti tuliyoyaandika kwenye msimbo. Kila nikituma kazi, ukaguzi unanikatalia, nami naapa README ni sahihi. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye .terraform-docs.yml: chini ya settings, weka lockfile: false.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma.

Miaka michache iliyopita, katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, tulikuwa na moduli ya hifadhidata za RDS, huduma ya hifadhidata ya AWS. Tuliiwekea terraform-docs tukajiona tumemaliza. Tuliiunganisha kupitia pre-commit, chombo kinachoendesha kazi fulani kabla ya commit: ukifanya commit kwenye kompyuta yako, README inajiandika upya. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, nasi tukazoea kuiamini README kuliko msimbo wenyewe. Ukiuliza swali kuhusu moduli, jibu lilikuwa "soma README, ile inajiandika yenyewe."

Kwenye moduli hiyo kulikuwa na kigezo skip_final_snapshot. Kikiwa false, RDS hupiga picha ya mwisho (snapshot, nakala kamili) ya hifadhidata kabla ya kuifuta. Kikiwa true, inafuta bila picha. Chaguo-msingi letu lilikuwa false. Siku moja mwenzetu mmoja aliyekuwa akihangaika na hifadhidata za majaribio, ambazo huundwa na kufutwa kila siku, alichoka kurundika picha zisizo na kazi. Alikuwa safarini, kompyuta yake haiko karibu. Akafungua GitHub kwenye kivinjari, akabadilisha false kuwa true, mwingine akapitia haraka akakubali, ikaingia.

Kwenye kivinjari pre-commit haiendeshwi. Msimbo ukasema true, README ikaendelea kusema false.

Wiki chache zikapita. Toleo jipya la moduli likasambaa, likatumika kila mahali, pamoja na hifadhidata moja ya uzalishaji iliyokuwa ikisubiri kustaafishwa. Dada mmoja wa timu yetu akapewa kazi ya kuifuta, kwa kuwa data zake zilikuwa zimehamishwa. Nataka ieleweke kwamba huyu ni mtu mwangalifu kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Alifungua README kwanza. Akatafuta skip_final_snapshot, akaona false, akajiambia hata kama kuna kilichosahaulika, picha ya mwisho itakuwepo. Akaendesha terraform destroy, amri ya kufuta. Ni kweli, kwenye mpango ulioonyeshwa kabla ya kuthibitisha kulikuwa na mstari unaosema true, mstari mmoja kati ya makumi. Kwa nini aukague, na nyaraka tulizomwambia aziamini zilikuwa zimeshamjibu?

Siku mbili baadaye watu wa hesabu wakauliza kuhusu majedwali fulani ya marejesho ya fedha. Hayakuwa yamehamishwa. Tukakimbilia nakala za kila siku zinazojifanya zenyewe: nazo hazipo, kwa sababu RDS ikifuta hifadhidata huzifuta na nakala hizo, isipokuwa umeiagiza izibakize. Tulichopata ni picha moja iliyopigwa kwa mkono, ya siku kumi na tisa nyuma. Siku hizo kumi na tisa tulizijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za seva na risiti, mstari kwa mstari, kwa zaidi ya wiki. Yule dada alisemwa mbele ya watu kwamba hakuwa makini. Aliinama akalia, nami nilikuwa nimekaa meza ya pili, nikijua kwamba aliyeweka ule mfumo wa README na kuutangaza kuwa unaaminika ni mimi. Nilisema hivyo siku ile, lakini nilichelewa. Maneno yalikuwa yameshamwingia.

Basi nisikilize vizuri hapa. Pre-commit kwenye kompyuta za watu ni msaada kwa mwandishi, haimlindi msomaji hata kidogo. Mtu anaweza kuiruka kwa --no-verify, anaweza asiwe ameisakinisha, anaweza kuhariri kwenye kivinjari. Ukaguzi wa kweli uwe kwenye paiplaini, na uwe wa lazima kabla ya kuunganisha tawi. Amri ipo tayari:

terraform-docs markdown table --output-file README.md --output-check .

Haiandiki chochote. Inalinganisha README na msimbo, na vikitofautiana inarudisha hitilafu na kazi inasimama. Ingekuwepo siku ile, badiliko la kwenye kivinjari lingegonga ukuta na mtu angelazimika kuliona neno true likiingia kwenye jedwali.

Jambo la pili nililojifunza pale ni zito vilevile. Hata README ingekuwa sahihi, maelezo yetu ya kigezo hicho yalisema "Kuruka picha ya mwisho." Ni jina la kigezo lililorudiwa kwa maneno mengine, halimwambii msomaji kitu. Leo ninaandika hivi: "Ikiwa true, hifadhidata ikifutwa hakuna picha ya mwisho na data haitarudi. Tumia true kwa majaribio tu. Badiliko la thamani hii halifanyi kazi hadi liwe limepitia apply (amri ya kutekeleza mabadiliko), kwa hiyo usibadilishe na kufuta kwa mkupuo mmoja." Sentensi hiyo ya mwisho ina sababu yake. Wakati wa kufuta, provaida husoma thamani iliyo kwenye state, kumbukumbu ya Terraform ya ilichokiunda, na ukigeuza faili kisha ukakimbilia destroy, thamani ya zamani ndiyo itakayotumika.

Pitia moduli zako zote utafute vigezo vya namna hii: force_destroy ya ndoo za S3, deletion_protection, siku za kutunza nakala, chochote kinachofungua mlango kwa dunia nzima. Hivyo viandikie madhara. Vingine, kama lebo na majina, mstari mmoja unatosha.

Na kwa kufuta kitu chochote cha uzalishaji, soma terraform state show. README yoyote, hata ya kwangu, inaeleza moduli. Haielezi kilichopo kwenye wingu leo.

Kuna wanaopenda roboti iandike README yenyewe na kuirudisha kwenye tawi. Inawezekana, ila kwenye GitHub Actions, paiplaini za GitHub, mabadiliko yanayosukumwa kwa GITHUB_TOKEN (tokeni ambayo GitHub huipa paiplaini) hayaanzishi paiplaini nyingine. Ukiwa na ukaguzi wa lazima, ombi lako la kuunganisha (pull request) litakaa likisubiri ukaguzi ambao hautaanza. Na ombi likitoka kwenye nakala ya ripo ya mtu wa nje, tokeni hiyo kwa kawaida haina ruhusa ya kuandika. Mimi naona roboti ikatae na binadamu arekebishe. Hapo angalau jicho moja limepita kwenye jedwali.

Chunga siri. terraform-docs inaweza kuweka thamani halisi za matokeo kwenye README ukiipa faili la JSON la terraform output. Tokeo usiloliwekea sensitive = true litaandikwa wazi. Usiwashe kipengele hicho bila sababu inayoeleweka. Na nenosiri lisikae kamwe kwenye chaguo-msingi la kigezo, kwa kuwa likishaingia kwenye historia ya Git, kulifuta kwenye README hakusaidii, libadilishe.

Mifano ya matumizi usiibandike kwa mkono ndani ya README. Iweke kwenye folda ya examples, iingize kwa include kwenye kiolezo, na paiplaini iiendeshee terraform validate, amri ya kukagua kama msimbo ni halali. Mfano usiofanya kazi humpotezea mgeni muda kuliko kukosa mfano.

Kama mmeanza kutumia OpenTofu, toleo la 1.8 la mwaka 2024 lilileta mafaili ya .tofu. Jaribuni kama chombo chenu kinayasoma kabla ya kudhani.

Usiwashe ukaguzi kwa moduli arobaini siku moja. Anza na moduli mbili, zile zinazoshika data. Waambie watu mapema ujumbe wa hitilafu utakavyoonekana na amri ya kurekebisha ni ipi, na uiandike ndani ya ujumbe wenyewe. Amua nani atapigiwa simu ukaguzi ukizuia marekebisho ya dharura usiku, na nani ana ruhusa ya kuupita, na apite kwa kuandika sababu. Usiwashe Ijumaa jioni. Usiwashe wiki ya mwisho wa mwezi kama watu wa hesabu wanategemea mifumo yenu. Na kabla hujawasha, chukua README moja, kaa na mtu ambaye hajawahi kuigusa moduli hiyo, mwambie akueleze kwa maneno yake nini kitatokea akiifuta.