Jinsi ya kuitambua mashine ya zamani ya kufyonza majani uliyoiona utotoni

Anayeniuliza kuhusu mashine hizi karibu kila mara huanza na rangi. "Fundi, ilikuwa nyekundu, ina mfuko mkubwa nyuma, mzee alikuwa akiisukuma uani majani yakianza kupukutika." Rangi weka pembeni kwanza. Hufifia, hupakwa upya, na kumbukumbu nayo huipaka yake.

Mashine za kufyonza majani zenye injini ya petroli ni kitu cha Marekani hasa, za mitaa yenye miti mikubwa ya mwaloni. Zamani majani yalirundikwa kando ya barabara na kutiwa moto. Miji mingi ilipoanza kupiga marufuku moshi huo, hasa katika miaka ya Sheria ya Hewa Safi ya 1970, watu wakalazimika kuyatia mifukoni. Mimi natengeneza injini ndogo huku Ohio, na hivi ndivyo ninavyoitafuta mashine ambayo mwenyewe hana hata picha yake.

Hatua ya 1: Hakikisha ilikuwa mashine ya kufyonza

Kama ilisukumwa bila mngurumo wa injini, hilo lilikuwa fagio la magurudumu: brashi zinazozungushwa na magurudumu yenyewe, na kapu la turubai nyuma. Parker wa Springfield, hapa hapa Ohio, walijulikana sana kwa hayo. Kama ilikokotwa na trekta dogo la kukatia nyasi, bomba nene likimwaga majani kwenye tela, hiyo ni jamii nyingine kabisa. Na kama unakumbuka mtu akiingiza vijiti kwenye mdomo wa pembeni vikasagwa kwa kishindo, basi ilikuwa na visu vya kusagia ndani. Nyingi za namna hiyo zilikuja baadaye.

Iliyobaki ndiyo tunayoitafuta: mdomo mpana mbele, karibu na ardhi, feni la chuma katikati, mfuko wa kitambaa wenye zipu ukining'inia kwenye mpini.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu petroli

Je, aliyeiendesha alichanganya oili kwenye petroli kabla ya kumimina? Kama ndiyo, na unakumbuka moshi wa bluu na mlio mkali wa juu, ilikuwa ya mipigo miwili. Hapo orodha inapungua sana, maana mashine nyingi za kusukuma zilikuwa za mipigo minne: oili ina mahali pake, petroli ina tangi lake.

Hatua ya 3: Iliwashwaje?

Hapa ndipo kumbukumbu ya mtoto inapotusaidia, kwa sababu watoto hutazama mikono ya mtu mzima. Kama alikunjua kishikio juu ya injini, akakizungusha kama anayekaza springi, kisha akaifyatua ikawaka, hiyo ni injini ya zama za 1960. Kama alivuta kamba, nataka kujua kifuniko cha kamba kilielekea wapi. Kikiwa juu, kikitazama mbinguni, kwa kawaida shafti (mhimili unaozungusha feni) imesimama wima na feni liko chini ya injini, mtindo ule ule wa mashine ya kukatia nyasi. Kikitazama ubavuni, shafti imelala, na feni limo ndani ya nyumba ya bati iliyosimama wima kando ya injini.

Jibu hilo moja lina thamani kuliko rangi, jina na ukubwa vikijumlishwa. Ukubwa hasa usiuamini: mfuko uliokufika kifuani ukiwa na miaka sita, leo unakufika gotini.

Hatua ya 4: Soma namba za injini

Hii ni kwa aliyebahatika kuona mashine yenyewe, au picha ya mnadani inayofanana nayo. Injini ina cheti chake cha kuzaliwa. Kwenye injini za Briggs & Stratton, namba zimegongwa kwenye bati la kifuniko cha injini. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukitumia brashi ya waya kwa pupa utafuta unachokitafuta.

Utakuta makundi matatu: modeli, aina na kodi (yaani "code"). Kodi ndiyo tarehe. Ikianza na 740521, injini ilitengenezwa tarehe 21 Mei 1974. Modeli nayo inasema mengi. Chukua 92908: 9 ni ujazo kwa inchi za ujazo, karibu sentimita za ujazo 150, 2 ni mfululizo wa muundo, 9 inayofuata inasema shafti imesimama (0 hadi 4 ni ya kulala, 5 hadi 9 ni ya kusimama), 8 ya mwisho ni kamba inayovutwa kwenda juu. Ikiwa namba ina tarakimu sita, kama 130902, mbili za kwanza ndizo ujazo: inchi 13.

Tecumseh, watengenezaji wengine wa injini, wana utaratibu wao. LAV35 ni injini nyepesi ya alumini, shafti imesimama, nguvu ya farasi 3.5, H35 ni ya shafti iliyolala. Namba ya mfululizo ikianza na 8105, mwaka unaishia na 8 na ni siku ya 105, yaani katikati ya Aprili. 1968, 1978 au 1988? Hiyo utaiamua kwa hatua inayofuata.

Ukikuta jina Craftsman na namba inayoanza na 143, usidhani Sears, wenye maduka yaliyouza kwa jina hilo, waliiunda injini hiyo. 143 ni alama ya Tecumseh.

Lakini injini siyo mashine. Hufa, ikafungwa nyingine kwenye boliti zile zile. Kodi ya 1981 haimaanishi mashine ni ya 1981. Huenda fremu ni ya 1969.

Hatua ya 5: Tafuta kibati cha fremu

Anwani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye. Namba ya hataza (patent) nayo ni kalenda: hataza ya 3,000,000 ya Marekani ilitolewa mwaka 1961, na ya 4,000,000 ikatoka mwishoni mwa 1976. Yenye namba 3,600,000 na kuendelea haiwezi kuwa ya babu yako wa miaka ya 1950. Iingize namba hiyo kwenye Google Patents. Mara nyingi utakuta mchoro wa mashine nzima, umekatwa ubavu, feni linaonekana. Nimeona watu wakitambua mashine yao kwenye mchoro ule ingawa kwenye picha walibabaika.

Hatua ya 6: Sasa taja majina

Anza na Billy Goat wa Lee's Summit, Missouri, kampuni iliyonunuliwa na Briggs & Stratton mwaka 2015, halafu Parker, halafu katalogi za zamani za Sears zilizopigwa picha mtandaoni. Hapo ndipo rangi inaruhusiwa kurudi, kuchagua kati ya mbili au tatu zilizobaki.

Ukiipata na kuinunua, usivute kamba siku hiyo hiyo. Chomoa waya wa plagi, ingiza mkono mdomoni, ukamate feni ulitikise. Likicheza, au bawa moja likiwa na ufa, lifungue kwanza.