Wikiendi ya wawili Moro: namna ya kwenda mkapumzika kweli

Watu wa Dar tukisikia neno mapumziko, akili inakimbilia Zanzibar. Zanzibar nzuri, sikatai. Ila kwa mke na mume wenye siku mbili tu, watoto wako kwa bibi yao na Jumatatu kazi inawasubiri, habari za boti, bahari kuchafuka na bei za kule ni kazi nyingine. Mimi na Baba Nasri tunakwenda Morogoro. Wenyewe wanauita mji kasoro bahari, na sisi tunaoishi mji wenye bahari tusiyoigusa mwaka mzima, kasoro hiyo haituumi.

Ili unielewe: mimi nasimama duka la dawa Kimara kutoka asubuhi mpaka usiku, na Baba Nasri ni fundi umeme. Simu yake inaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi. Mita ya umeme ya Luku imekataa tokeni, jokofu la mwenye bucha limezima, "fundi uko wapi, mbona hufiki?" Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa watu wa namna yetu, ambao shida yao si kukosa vitu vya kutembelea. Shida yao ni kwamba hawajakaa kimya pamoja tangu mtoto wa mwisho azaliwe.

Pesa na tarehe, kabla ya yote

Tunaweka elfu tano kila mmoja kila Jumatatu kwenye laini moja ya simu ambayo haina kazi nyingine. Baada ya miezi saba hivi kuna laki tatu, na laki tatu kwa siku mbili Moro inatosha watu wawili wasio na makuu: nauli, chumba, chakula, bajaji, mwongozo wa mlimani, na kidogo cha kumpelekea bibi aliyebaki na watoto. Msiibe kwenye ada ya shule. Ukisafiri na pesa yenye mwenyewe, kila soda unayokunywa unaihesabia.

Tarehe nayo ina siri zake. Machi mpaka Mei ni masika, njia za mlimani zinateleza na ukungu unafunika kila kitu. Juni na Julai ndiyo miezi yangu, baridi inapendeza, bebeni sweta. Wiki ya kwanza ya Agosti kimbieni, maana maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Mashariki yanafanyika hapo na vyumba vinajaa. Mahafali ya vyuo vikuu navyo ni hivyo hivyo. Moro ina Sokoine na ina Mzumbe, na wazazi wa wahitimu wakishuka na mashada yao, utalala kwenye chumba ambacho usingekitazama mara mbili.

Treni au basi?

Kwa mtu wa Kimara swali hili ni la haki. Stendi ya Magufuli iko pale Mbezi, karibu na nyumbani, wakati kwenda kupanda treni ni kurudi mjini kwanza. Ukiangalia ramani utasema ni ujinga. Lakini basi lina Kibaha, lina Mlandizi, lina Chalinze na wauza korosho wanaogonga dirisha, lina malori, na mnaweza kufika baada ya saa nne au zaidi mkiwa mmechoka na mmeshagombana kuhusu dirisha. Sisi tunapanda basi la mwendokasi mpaka Gerezani, kisha bodaboda fupi hadi stesheni ya SGR, reli mpya ya treni ya umeme.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa tangu mwanzo ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na safari inachukua chini ya saa mbili. Kateni tiketi mapema kwa mtandao wa TRC, yaani Shirika la Reli, mtapewa kumbukumbu namba ya kulipia kwa simu. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama NIDA yako inasema Mwanahamisi, usijiandike Mwana. Kateni ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, maana za Jumapili jioni zinawahi kuisha. Na fikeni saa moja na nusu kabla. Kuna foleni ya kukagua mizigo, na treni haina konda wa kumwambia "subiri kidogo, mwenzangu anakuja."

Mkipata viti vya upande wa kushoto kwa anayekwenda, shukuruni. Baada ya Ngerengere milima ya Uluguru inaanza kujitokeza upande huo. Mimi huwa nafunga mdomo hapo. Baba Nasri yeye anatazama nyaya za juu ya reli na kunieleza voltiji. Mwache fundi na raha zake.

Chumba

Stesheni iko nje ya kitovu cha mji, kwa hiyo mtapanda bajaji. Patana kabla hujakaa. Kuhusu mahali pa kulala nina msimamo: msilale Msamvu. Ni rahisi, kuna nyumba za wageni tele, lakini ni stendi kuu na honi za mabasi ya Iringa, Mbeya na Dodoma haziijui wikiendi. Tafuteni pande za Forest, Kola, Kilakala au Bigwa, ambako miti ni mingi na mlima unauona ukifungua dirisha.

Pigeni simu siku chache kabla na muulize mambo haya bila aibu: maji ya moto yanatoka kweli au bomba lipo tu la kuonyesha, chai ya asubuhi imo kwenye bei, chandarua kipo, na je, jirani kuna baa au ukumbi wa harusi? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mhudumu akisitasita kujibu, hama. Sisi hatuvuki elfu sitini kwa usiku, na kwa bei hiyo tumelala vizuri.

Mkifika mtapewa lile daftari la wageni. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Kwenye "unakwenda wapi" Baba Nasri huandika "hapa hapa."

Simu

Sheria yetu: simu ya kazi inazimwa Ijumaa usiku, na wateja wanaambiwa siku tatu kabla, pamoja na namba ya fundi mwingine anayemwamini. Simu yangu inabaki, inawashwa baada ya magharibi kwa nusu saa, tunaongea na watoto na bibi yao, basi. Mkiiacha wazi mchana kutwa, mtoto atapiga kuuliza chaja iko wapi, na bibi atapiga kuuliza kama mmekula.

Jumamosi: kitu kimoja tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu ana siku moja na nusu anataka mlima, Mikumi, soko, chuo na disko. Mikumi iachieni safari yake. Mbuga ni kuamka usiku, kukodi gari na kulipa kiingilio. Mtarudi mmejaa vumbi mnahitaji likizo nyingine. Chagueni kitu kimoja cha asubuhi. Mchana mlale.

Changu mimi ni Morningside. Ni nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Mjerumani, imekaa juu kwenye ubavu wa Uluguru, na njia ya kwenda inapanda kutokea mjini kupitia upande wa Rock Garden. Kwa miguu ya watu wanaokaa dukani ni kama saa mbili na nusu hadi tatu za kupanda taratibu. Chukueni mwongozo mjini, na mumuulize habari ya kibali cha msitu kabla ya kuanza, kwa kuwa sehemu za juu ni hifadhi. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkichelewa mpaka saa nne jua litawashughulikia. Viatu viwe vya kufunga, maji lita moja na nusu kila mtu, na karanga.

Uzuri wa njia hii ni kwamba si ya watalii. Mtapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni na matenga kichwani, ndizi, mboga, wakati mwingine stroberi, na wao wanashuka kwa kasi huku wewe unahema. Toeni shikamoo kwa wakubwa. Mkiomba kununua ndizi njiani wanauza, na bei ni ya kucheka ukilinganisha na Kimara. Vijito vinakatiza njia kila mahali. Mwongozo mmoja alituambia kitu nilichokuwa sijakifikiria: maji ya mto Ruvu yanatoka kwenye milima hii. Yaani yale maji ninayoyasubiri bombani kwangu mpaka saa nane za usiku, ndoo zimepangwa mstari, yanaanzia huku, yanacheza tu kwenye mawe, hayana haraka na mtu. Nilinawa uso mara mbili kwa hasira.

Juu mtaona mji wote chini, mabati yanawaka jua. Kaeni hapo saa nzima. Watu wanapanda kwa muda wa saa tatu kisha wanapiga picha dakika kumi na kuanza kushuka, sijui wanamkimbilia nani. Vijana watawashauri muende mpaka kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100. Kataeni kwa upole. Hiyo ni ya wenye magoti.

Kama mlima hamuuwezi, kuna njia mbili tambarare. Mazimbu ni moja: ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuna miti mikubwa, njia za kutembea polepole, na makaburi ya waliofia ugenini. Jitambulisheni getini.

Ya pili ni APOPO, pale pale Sokoine, wanakofundishwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu mia moja, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Baba Nasri aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye amefunga umeme nusu ya Kimara na hata cheti hana. Wageni hupokelewa kwa miadi, kwa hiyo waandikieni mapema. Msiende wikiendi kwa kubahatisha.

Jioni kuleni mlipo. Wali wa mchele wa Kilombero, kuku wa kienyeji, mchicha, na sahani ya matunda. Muziki tunaupiga wenyewe barazani kwa sauti ndogo. Mji huu ndio uliokuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na watu wa enzi zile walikuwa na upande kama Simba na Yanga. Mume wangu ni wa Mbaraka. Mimi ni wa Salum. Mabishano haya yanatupeleka mpaka saa tano usiku na hayajawahi kutuumiza.

Ndugu

Sasa jambo ambalo hakuna anayewaambia. Mtu wa Dar asiye na ndugu Morogoro ni nadra. Shangazi yake Baba Nasri anakaa Mji Mpya, na akijua mmelala nyumba ya wageni hali yeye ana chumba, itakuwa kesi ya ukoo. Mkimficha, atawaona sokoni. Moro ni ndogo.

Dawa ni hii. Mpigie Jumamosi usiku, baada ya kula: "Shikamoo shangazi, tuko huku kwa shughuli, kesho saa nne tunapita kukusalimia, treni yetu ni saa nane." Usitaje hoteli, na usitaje mapumziko. Nendeni na kilo mbili za sukari, majani ya chai na kitenge kama mfuko unaruhusu. Atawapikia, mle. Atauliza mbona hamkulala kwake, jibuni kwamba shughuli iliisha usiku. Ikifika saa sita, tiketi inatolewa mfukoni na kuwekwa mezani. Mzee anaweza kukuzuia usiondoke kwa sababu zako, ila treni ya serikali anaiheshimu.

Kama mna muda kabla ya kwenda kwake, piteni Soko Kuu la Chifu Kingalu mnunue mdalasini na pilipili manga za Uluguru, na matunda ya bibi. Msinunue gunia, mtakaguliwa tena stesheni na mtaonekana wafanyabiashara. Ndizi mbivu zikae juu ya begi. Na ile simu ya fundi isiwashwe mpaka mmeshuka mwendokasi Kimara, kwa sababu ikiwaka Pugu, fundi atashukia kwa mteja na begi utabeba peke yako.