Unataka kuwa DJ? Soma hii kabla hujashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, na pesa

Kila mwisho wa mwezi lazima kuna mtu atanitumia picha ya kontrola, ile mashine ya DJ ya kuchomeka kwa laptopu, kubwa inawaka kama matatu ya Rongai, ananiuliza "bro hii ni poa?" na mimi namuuliza, hedifoni uko nazo? Kimya. Sasa wacha niandike hii mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma tu. Mimi hucheza ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), birthday na harusi, klabu ni siku moja moja, na kwa hiyo miaka yote nimeona kazi yetu kubwa ni kusikia kwa hedifoni ngoma inayofuata, kabla watu hawajaisikia. Pesa yako ya kwanza ifuate hilo sikio, taa zitakuja baadaye.

Hatua ya 1: Usinunue kitu

Serious. Pakua Serato DJ Lite ama VirtualDJ, hizi ni programu za kuDJ, unaweza kuanza nazo bure bila mashine yoyote, weka ngoma kama 30 hivi unazozijua vizuri, halafu cheza na kibodi na mausi wiki mbili. Ukichoka wiki ya kwanza, umeokoa pesa. Na laptopu ikianza kukwama hapo, itakwama pia mbele ya watu 200, kwa hivyo tengeneza laptopu kwanza. RAM ya 8GB inatosha, na kama bado iko na ile hard disk ya zamani peleka kwa fundi akuwekee SSD, diski ya kisasa yenye kasi, utashangaa.

Hatua ya 2: Jua utachezea wapi

Klabu nyingi zina mashine zao tayari, mara nyingi CDJ mbili (zile pleya za kuchomeka flashi) na miksa ya kuunganisha ngoma zao, wewe unaenda na flashi na hedifoni basi. Kama ndoto yako ni hiyo, jifunze rekordbox, programu ya Pioneer, mapema ndio ujue kupanga ngoma kwa flashi, na hiyo flashi iwe fomati ya FAT32 juu CDJ nyingi hazisomi NTFS, ile fomati ya Windows, utachomeka pale mbele ya meneja na mashine ikutazame tu. Kama ni sherehe za mtaani, kila kitu ni chako kubeba, na hapo uzito ni jambo la maana sana ukishapanda bodaboda na begi mgongoni.

Hatua ya 3: Kontrola

Chaneli mbili zinatosha, yani ngoma mbili kwa wakati mmoja. Usidanganywe na za nne, hata sai harusi nzima nacheza na mbili.

Kitu cha kuangalia ni kadi ya sauti. Yangu ya kwanza nililipa 14,000 kwa jamaa alikuwa anahama, ikawaka vizuri, nikaridhika. Nikaenda nayo birthday Umoja, nikachomeka spika kwa laptopu, sasa hedifoni nazo niweke wapi? Tundu lilikuwa moja. Nikacheza masaa manne nabahatisha tu, na kuna wakati niliingiza mugithi, muziki wa Wakikuyu wa kuchezea, katikati ya kukata keki. Akina mama walifurahi kweli, mwenye keki ndio hakufurahi.

Yani kontrola yenye kadi ya sauti ndani inatoa njia mbili tofauti, moja inaenda kwa spika, ingine kwa hedifoni zako. Geuza mashine uangalie nyuma: unataka matundu mawili ya RCA, nyekundu na nyeupe, yameandikwa MASTER, halafu mahali pa hedifoni. Ukiona ni tundu la USB peke yake, jua hakuna kadi. Pioneer DDJ-200 kwa mfano iko hivyo, inabidi utumie waya wa kugawanya, sauti inakuwa mono, si stereo, kila upande, ya kujifunzia kwa nyumba ni sawa lakini kwa kazi utateseka. DDJ-FLX4 iko na kadi ya sauti, na ukiichomeka inakufungulia rekordbox na Serato DJ Lite bila kulipa, ukitaka Serato DJ Pro ndio unatoa pesa. Hercules na Numark pia wako na za wanaoanza. Sina ushabiki wa jina, nina ushabiki wa matundu.

Hatua ya 4: Kuipima hapo dukani

Hapa chukua muda wako, hasa kama ni iliyotumika. Nenda na laptopu yako, hedifoni zako na ngoma zako, muuzaji akisema "hiyo iko sawa kabisa boss" mwambie asante na uendelee kuchomeka.

Cheza ngoma deki (upande) ya kushoto, sukuma krosfeda, ile ya kuteleza kulia na kushoto kubadilisha deki, mpaka mwisho wa kulia. Inafaa iwe kimya kabisa. Ukisikia ka-sauti kanavuja kwa mbali, hiyo krosfeda imechoka. Sasa irudishe polepole sana kama unafungua mlango usiku watu wamelala, ikikwaruza kuna vumbi ama imeisha. Fanya hivyo kwa feda zote, zile za kuteleza za sauti. Weka kiganja juu ya ile sahani, ngoma isimame, toa, iendelee. Bonyeza pedi moja moja, zote. Mwisho shika waya wa USB pale unapoingia uutingishe kidogo, laptopu ikipoteza kontrola hata sekunde moja rudisha pesa mfukoni uende duka lingine, Luthuli ni ndefu.

Kitu cha kutolipa M-Pesa kabla ya kupima sidhani nahitaji kuwaambia.

Hatua ya 5: Hedifoni

Za waya, zinafunika sikio. Bluetooth hapana, sauti inachelewa kidogo na huko kuchelewa ndiko kunakuharibia miksi, unasikia umeshikanisha ngoma kumbe nje zinagongana kama punda. Sennheiser HD 25 utaziona kwa shingo za madj wengi juu ni nyepesi na waya ukikatika unabadilisha waya tu, lakini si lazima uanze nazo, bora ziwe na sauti ya kutosha karibu na spika na uwe na adapta ya ile jeki nene.

Hatua ya 6: Spika

Usinunue. Nyumbani tumia sabufa uliyo nayo, waya wa RCA, na majirani wa ploti watakushukuru. Ukipata kazi, kodisha spika na umuongeze mteja kwa bei.

Hatua ya 7: Stima

Ikipotea, laptopu iko na betri na kontrola ndogo inakula kutoka USB, kwa hivyo wewe bado uko hai, spika ndio zinakufa. Kabla irudi shusha MASTER mpaka chini na uzime ampu, ile mashine inayosukuma spika. Ikirudi, washa vitu vingine vyote kwanza, ampu iwe ya mwisho, na ukimaliza kazi ampu iwe ya kwanza kuzima. Ule mlio wa "pu!" watu huruka wakicheka ndio hukula twita (tweeter, ile spika ndogo ya sauti za juu), na spika za kukodi zikirudi na twita imekufa, deposit yako hutaiona tena.