Jinsi ya kupima kama bisfenoli A inavuruga seli za prolaktini za perege

Bisfenoli A ni kemikali ya kutengenezea plastiki, na hapa tunapima kama inavuruga seli zinazotoa homoni ya prolaktini. Perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus) anafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu sehemu ya mbele ya tezi yake ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, imejaa seli za prolaktini, karibu peke yake. Unakata kipande hicho na kazi ya kutenganisha seli imekwisha. Ugumu uko kwingine: seli hizi zinahisi chumvi. Osmolaliti (wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka kwenye kioevu, unaopimwa kwa miliosmoli) ikishuka zinamwaga prolaktini, ikipanda zinajizuia. Ukikosea kidogo kuchanganya kioevu cha kukuzia, utaandika kosa lako kama athari ya sumu.

Anza na sumu yenyewe. Uzito wa molekuli ya bisfenoli A ni 228.3, hivyo miligramu 2.28 ndani ya mililita 1 ya DMSO, kiyeyushi chake, zinatoa milimola 10 kwa lita. Zimua mara kumi kumi kwa DMSO, si kwa maji, kisha tia maikrolita 1 ya kila ngazi kwenye mililita 1 ya kioevu. Hapo kila kisima (kishimo cha sahani ya kukuzia seli), pamoja na cha ulinganisho kisicho na sumu, kina DMSO asilimia 0.1 sawasawa. Ukizimua kwa maji, kisima chenye sumu nyingi kitakuwa pia na DMSO nyingi, na hutajua kipi kimefanya nini. Kumbuka pia kwamba asilimia hiyo 0.1 inapandisha usomaji wa osmomita, kipima osmolaliti, kwa takriban miliosmoli 14, ingawa DMSO hupenya ndani ya seli na haivuti maji kama chumvi. Kwa hiyo rekebisha osmolaliti kabla ya kutia DMSO.

Tumia vyombo vya glasi. Plastiki ya polikaboneti hutengenezwa kwa bisfenoli A yenyewe. Chagua kioevu kisicho na rangi ya fenoli nyekundu, maana rangi hiyo ina nguvu kidogo ya estrojeni, na estradioli, ambayo ni estrojeni, huchochea seli hizi hizi.

Ukishapata kibali cha maadili ya wanyama, chagua samaki wa jinsia moja, wa ukubwa unaokaribiana, waliozoea maji yasiyo na chumvi. Walaze kwa MS-222, dawa ya usingizi ya samaki, iliyopunguzwa ukali kwa bikaboneti ya sodiamu. Bila hiyo maji huwa na asidi na samaki hupata mshtuko. Samaki akishauawa, fungua paa la fuvu, inua ubongo kuanzia mbele na ukate mishipa ya macho. Mara nyingi kikonyo kinachounganisha tezi na ubongo hukatika na tezi, punje ndogo nyeupe, hubaki kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Usitupe kichwa kabla ya kuchungulia hapo kwa hadubini.

Weka vipande kwenye kioevu cha miliosmoli 330, nyuzi 26 hadi 28, usiku kucha, kisha mwaga kioevu hicho chote: seli zilizojeruhiwa na kisu zimevujisha homoni humo. Sasa tia sumu. Tenga pia visima visivyo na sumu vyenye miliosmoli 300. Prolaktini isipopanda humo, seli zimechoka na sahani nzima haifai.

Chukua sampuli baada ya saa 4 na saa 24, kisha vunja seli upime homoni iliyobaki ndani. Kingamwili ya kupimia homoni iwe ya prolaktini ya samaki. Ya mamalia haiaminiki hapa. Pima pia kwenye kioevu kimeng'enya cha LDH, ambacho hukaa ndani ya seli na huvuja zinapoharibika. Prolaktini na LDH zikipanda pamoja, shuku kwamba seli zinakufa na kuvuja, si kwamba zimechochewa. Prolaktini ya nje ikishuka huku ya ndani ikiongezeka, utoaji ndio umezuiwa. Zikishuka zote mbili, linganisha na kiasi cha DNA kabla ya kusema utengenezaji umepungua. Huenda seli zenyewe ni chache.

Katika takwimu, hesabu samaki, si visima. Visima sita kutoka kwa perege mmoja ni samaki mmoja tu.