Pawa saplai inayooana na madabodi yako

Ukitafuta pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, usianzie dukani. Chomoa waya wa stima, fungua kasha, uisome madabodi yenyewe, ule ubao mkuu unaobeba prosesa. Ukingoni kuna soketi ndefu ya safu mbili, hesabu matundu. Yakiwa 24, pawa saplai ya kisasa ya ATX, ule muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, itaingia. Za zamani zina 20, lakini plagi nyingi za sasa ni za 20+4: kile kipande cha pini 4 kinabanduka.

Sasa angalia kando ya prosesa. Hapo kuna soketi nyingine ya pini 4 au 8, ya volti 12, na ndiyo husahaulika zaidi. Bila yake feni huzunguka, skrini ikabaki nyeusi, na RAM ikalaumiwa bure.

Hesabu ikikataa, simama. Kompyuta nyingi za ofisi za mtumba zinazouzwa Mombasa, za Dell, HP na Lenovo, zina soketi kuu ya pini 6, 8, 10 au 14. ATX ya kawaida haziitaki bila adapta ya modeli hiyo hiyo. Zile nyembamba pia zina kasha dogo: ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, haiingii. Pima pawa saplai yako ya zamani kwa rula, uende nayo mkononi.

Nguvu nayo isikudanganye. Namba kubwa ya "500W" kwenye boksi haitoshi. Soma kibandiko, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: wati 216 tu. Prosesa ya wati 65, kadi ya 120, na takriban 50 za diski, feni na madabodi, jumla 235. Hiyo imeshashindwa. Tafuta inayotoa wati 350 au zaidi kwenye 12V peke yake, maana joto letu la pwani huinyima pumzi.

Ukinunua iliyotumika, chungulia plagi zake. Hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani kwenye pini; pini ya hivyo hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Nyuma kukiwa na swichi ya 115/230, isukume 230 kabla ya kuchomeka: stima yetu ni volti 240, na kwenye 115 itapasuka papo hapo. Kebo za kuchomoka zisichanganywe na za kampuni nyingine hata zikiingia, kwani mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai hutofautiana, na diski huungua.

Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, ikiwa haijaunganishwa na madabodi. Aunganishe waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi ya 24; feni izunguke. Kwa mita ya kupimia volti, waya wa manjano usome volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa machungwa 3.14 hadi 3.47. Ikitoka nje ya hapo, irudishe rafuni.